Gudveig Myrland na Uduvi wa Nordskarvøy

Mchungaji, ndugu wa karibu na wa mbali, majirani wa Nordskarvøy, na nyinyi mliovuka kwa feri ya asubuhi na bahari hii jinsi ilivyochafuka, mimi ni Halvdan Myrland, mdogo wake marehemu, na familia imenitaka niwasomee historia ya maisha yake kwa sababu, kama alivyosema binti yake jana, hakuna mwingine aliyebaki anayezijua tarehe zote. Mtanivumilia nikisoma polepole, maana tumechoka nyumbani, majira ya baridi yamekuwa marefu na ugonjwa umekuwa mrefu kuliko baridi.

Marehemu Gudveig alizaliwa tarehe 11 Februari 1947 hapa hapa kisiwani, katika nyumba ya njano iliyo juu ya gati, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Edvin na marehemu Hjørdis Myrland, na alipokelewa na bibi yetu mzaa mama, kwa kuwa mkunga alikuwa ng'ambo na dhoruba ya siku nne haikuruhusu mashua yoyote kuvuka. Bibi alizoea kusema kwamba mtoto yule alitoka macho wazi, akaangalia taa, hakulia mpaka alipopigwa kofi, na mama akawa anamjibu kwamba alikuwa bado anahesabu.

Alianza shule ya msingi hapa kisiwani Agosti 1954, chini ya mwalimu mmoja aliyefundisha madarasa yote katika chumba kimoja, na mwaka uliofuata, mwezi ule ule, likatokea jambo ambalo yeye mwenyewe alilihesabu kuwa ndiyo shule yake ya kweli. Baba alikuwa amewazingira heringi wengi ndani ya ghuba, akawafungia kwenye wavu siku tatu bila kuwauza, na Gudveig, aliyekuwa na miaka minane, akamwuliza kwa nini anawatesa kwa njaa, baba akampasua mmoja kwa kisu, akamwonyesha tumbo lililojaa uji mwekundu.

"Wameshiba uduvi," baba alimwambia. "Ukimtia chumvi samaki aliyeshiba hivi, tumbo linaoza kabla pipa halijafika sokoni. Sharti wakae mpaka watoe walichokula."

"Na hao uduvi, wanakula nini?"

"Kamwulize mwalimu. Mimi nimevua tangu alfajiri."

Mwalimu naye hakujua, akamwambia akae chini, lakini Gudveig hakuwa mtu wa kukaa chini, akachukua ule uji kwa kijiko cha mama, akauweka kwenye bakuli la maji ya bahari juu ya meza ya kulia, akakuta ni wanyama, kila mmoja mdogo kama nusu punje ya mchele, ana pembe mbili ndefu na tone la mafuta mwilini, na mama akaja akamwaga bakuli lote dirishani kwa sababu chakula kilikuwa tayari.

Mwaka 1961 alivuka kwenda kusoma sekondari Bodø, akakaa bwenini miaka mitatu, akarudi na kufanya kazi katika ghala la samaki la baba, akipasua chewa kwa ajili ya kukaushwa kwenye chanja, na mwaka 1966 akaenda Bergen kujifunza kazi ya maabara, akahitimu tarehe 24 Mei 1968. Mwezi uliofuata aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa bahari, na tarehe 14 Januari 1969 kilifunguliwa hapa gatini kituo chenye chumba kimoja, hadubini moja na mfanyakazi mmoja, ambaye alikuwa yeye.

Wengi wenu mmemwona akienda na kurudi miaka yote hiyo bila kujua hasa alichokifuata, na hata mimi nilikuwa mmoja wenu, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Kila baada ya siku kumi na tano alikwenda maili kumi na mbili nje, pale sakafu ya bahari inapokatika ghafla na kuwa shimo, akateremsha wavu mwembamba kama shela hadi mita mia nane, akaupandisha polepole kwa winchi, akakihifadhi kilichopatikana kwenye chupa yenye dawa, kisha akakaa siku mbili, mara nyingine tatu, akihesabu. Wakati wa baridi uduvi wako chini kabisa, gizani, hawali, hawaendi popote, wanaishi kwa lile tone la mafuta waliloliweka akiba, na jua linaporudi wanapanda, mamilioni kwa mamilioni, wanakuta mimea midogo ya majini imeanza kuchipua, wanaila, wanataga, na watoto wao ndio chakula cha kwanza cha mtoto wa chewa anayetoka kwenye yai akiwa mwembamba kama uzi. Heringi anawala wakubwa, nyangumi anamfuata heringi, kasuku wa bahari, ndege wetu wa kule jabalini, anamlisha kinda wake heringi wachanga. Gudveig alisema kwamba kisiwa hiki chote, kanisa hili pamoja na mapaa yake, kimejengwa juu ya mgongo wa mdudu asiyeonekana, na alilisema hilo kwa uchovu, kama mtu anayerudia jibu kwa mara ya mia.

Aliyempeleka huko nje tangu siku ya kwanza alikuwa Reidulf Torsvåg, nahodha wa mashua iliyoitwa Havdis, kijana mwenye kelele aliyemdhihaki kutoka gatini mpaka shimoni na kutoka shimoni mpaka gatini.

"Bibi mtaalamu, leo tumevua nini, supu?"

"Umeila jana na viazi. Ilipita kwenye chewa kwanza."

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 26 Juni 1971, na kwa kuwa siku ya kushusha wavu iliangukia kesho yake, fungate yao ilikuwa maili kumi na mbili nje, na Reidulf aliwaeleza watu habari hiyo maisha yake yote kana kwamba ilikuwa sifa.

Mungu aliwajalia watoto wawili. Wa kwanza ni Ingunn, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1974, aliyeketi hapa mbele, na wa pili alikuwa Edvin, aliyepewa jina la baba yetu, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1978, akafariki tarehe 4 Mei, akazikwa tarehe 9 katika makaburi haya haya tutakayokwenda baada ya ibada. Tarehe 13 Mei Gudveig alishuka gatini akiwa amevaa koti lake la mvua, akapanda Havdis, akaenda kushusha wavu, na kisiwa kizima kilimwona, na kisiwa kizima kikamsema. Mnalikumbuka jambo hilo, nyinyi wenye umri wangu, na msingelikumbuka ningelipita kimya, lakini lina nafasi yake mbele, kwa hiyo nimeliandika.

Mwaka 1981 baba aliniachia ghala la samaki. Mwaka 1993 taasisi ilifunga kituo kwa barua ya mistari minne, wakamshukuru, wakamwachia hadubini kwa kuwa ilikuwa ya zamani, na dada yangu akaajiriwa jikoni katika nyumba ya wazee, akawa anapika asubuhi na kuhesabu mchana, na safari za siku kumi na tano zikaendelea kama zilivyokuwa, kwa mafuta ya mashua ya mumewe. Nilimwambia kwamba wamemfukuza na yeye hajasikia. Akanijibu, "Waliofunga ni ofisi, Halvdan. Bahari haijafunga."

Kuanzia mwaka 1998 hivi alianza kuona mambo ambayo hakuyapenda. Uduvi walikuwa wakipanda mapema, kwanza kwa siku chache, halafu kwa wiki, na miongoni mwao wakaanza kuonekana wageni kutoka maji ya kusini, ndugu zao wa karibu, wanaofanana nao kiasi kwamba huwezi kuwatofautisha mpaka uutazame mguu wa tano chini ya hadubini, ila hawana mafuta mengi na wanachelewa kuzaana. Mtoto wa chewa anayeanguliwa katika tarehe zake za siku zote anakuta meza imeshaondolewa, au amewekewa chakula kisichoshibisha. Kasuku wa bahari walikuja majira yao, wakataga, makinda wakafa kwa njaa ndani ya mashimo, na mwaka 2007 hakuruka kinda hata mmoja kutoka jabalini.

Mwaka huo huo ilikuja kampuni, jina lake silitaji kwa kuwa haipo tena, ikataka kuvua uduvi wenyewe hapa karibu, kwa nyavu kubwa, wakamuliwe mafuta ya vidonge, na ilitaka ghala langu liwe kiwanda. Nilikuwa na wafanyakazi kumi na wanne na msimu mbaya wa tatu mfululizo. Mkutano ulifanyika tarehe 17 Novemba 2007 katika ukumbi wa vijana, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, na baada ya wakubwa wa kampuni kusema, akasimama dada yangu na aproni ya jikoni bado imening'inia chini ya koti.

Alisema kwamba mwezi Mei, kampuni ilipojaribu nyavu zake, baharia mmoja alimpa ndoo moja ya kilichovuliwa, akaihesabu yote, na humo, kati ya uduvi, alikuta watoto wa chewa mia tatu na kumi na wawili. Akanigeukia mimi mbele ya watu wote.

"Halvdan, chanja zako zinakausha nini?"

"Unajua vizuri zinakausha nini."

"Sema wasikie."

"Chewa."

"Basi unauza chakula cha vifaranga, halafu uje uulize kuku wako wapi."

Watu walicheka. Hata mzee Petra Lind, aliyekuwa upande wangu, alicheka, na mimi nikasikia kicheko kile masikioni kama maji ya moto, nikasimama, na mbele ya jeneza lake leo nakirudia nilichosema, kwa sababu nyinyi mliokuwepo mlikisikia na hamjapata kunisikia nikikifuta. Nilisema, "Wewe usitufundishe habari za watoto. Uliacha kaburi la mwanao halijakauka ukaenda kuwahesabu wadudu wako."

Reidulf aliinuka, Gudveig akamshika mkono, wakatoka, na hatukuzungumza tena, mimi na yeye, kwa miaka tisa kasoro miezi miwili. Tuliishi hatua mia mbili mbali, tulionana dukani, tulionana humu kanisani, tukapishana kama feri mbili.

Aliandika kwa serikali, akapeleka nakala za madaftari yake, na mwezi Juni 2008 kampuni ikanyimwa kibali cha maji ya karibu, ikaondoka. Mwezi Februari 2009 nilifunga ghala. Familia tatu zilihamia bara mwaka ule, nyumba zao mnaziona, mapazia bado yapo, na kuna waliomwambia Gudveig usoni kwamba yeye ndiye aliyezifunga. Nami sitawadanganya kwamba alishinda, maana yeye mwenyewe hakudanganywa na ushindi ule, maji yaliendelea kupata joto, wageni wa kusini wakaendelea kuja, na kasuku wa bahari waliokuwa wakifunika jabali lote, mwaka jana Ingunn aliwahesabu hamsini na saba. Alichozuia ni mkono mmoja tu kati ya mikono mingi. Aliniambia baadaye kwamba mtu huzuia mkono anaoufikia.

Mumewe Reidulf alifariki ghafla gatini tarehe 30 Aprili 2013, akifunga kamba. Nilikaa benchi la nyuma siku ya mazishi yake, nikaondoka kabla ya kahawa. Ingunn alimwachia kazi ya mashua jirani yetu Sivert Moen, na safari zikaendelea.

Kisha macho yakamwacha. Katikati ya kila alichokitazama kulikuwa na doa, akaweza kuona fremu ya mlango lakini si mtu aliyesimama mlangoni, na madaktari walimweleza kwa upole kwamba halitaondoka. Mwezi Septemba 2016 simu yangu iliita, nikasikia sauti yake, bila salamu.

"Halvdan, macho yako yakoje?"

"Yanaona."

"Njoo Jumanne. Na uje na mkate, hapa hamna kitu."

Nilikwenda na mkate. Alinikalisha mbele ya hadubini, akaketi kando yangu kwenye stuli, akanifundisha kama alivyonifundisha kufunga viatu, na nilikuwa mwanafunzi mbaya.

"Ana mafuta?"

"Wote wana mafuta."

"Hakuna kitu kinachoitwa wote. Mtazame mmoja. Mguu wa tano umepindaje?"

"Dada, huu mguu ni mdogo kuliko dhambi."

"Basi utauona tu, dhambi uliziona kila mara."

Hivyo ndivyo tulivyosema kuhusu yale yaliyopita, na hatukusema zaidi ya hapo kwa miaka mitatu.

Mwezi Oktoba 2019 alikuja kutoka Tromsø mtafiti kijana, Sunniva Aasheim, ambaye yuko nasi leo, akayataka madaftari yote arobaini na moja ili yaandikwe kwenye kompyuta, kwa sababu, alituambia, hakuna mahali pengine kwenye pwani hii ambapo mtu mmoja aliwatazama uduvi kwa muda mrefu hivyo bila kukatiza, na kwamba mafuta wanayoshuka nayo kila baridi yanazika chini kabisa sehemu ya moshi wetu unaoipasha dunia joto, jambo ambalo tungependa kujua litaendelea mpaka lini. Kazi ya kuyasoma madaftari kwa sauti ilikuwa yangu. Nikafika tarehe 13 Mei 1978, nikakuta saa ya kuondoka, hali ya upepo, kina cha wavu, namba ya chupa, na pale penye idadi hapakuwa na idadi, pameandikwa maneno mawili tu: "Sikuweza kuona."

Niliyasoma kama yalivyo, akajua nimefika wapi.

"Chupa ipo," alisema. "Rafu ya chini kabisa, kushoto. Niliijaza nikiwa na machozi, nikaifunga, sikuifungua tena."

"Kwa nini ulikwenda siku ile?"

"Reidulf aliniambia nyumbani hapafai, pana kitanda cha mtoto. Akasema twende tu, hata kama hatutashusha kitu. Mimi ndiye niliyesema, maadamu tumefika, tushushe."

Sunniva alitoka nje, nadhani kwa adabu. Niliishusha chupa ile, nikaifungua, ikatuchukua siku mbili, mimi nikiita na yeye akihesabu kwa vidole mia kwa mia, na katikati ya siku ya kwanza nikaacha kuita, nikasema, "Dada, lile neno la ukumbini..."

"Hesabu. Utapoteza mahali ulipofika."

"Nisamehe."

"Nimesikia. Hesabu."

Walikuwa elfu moja mia tatu na arobaini na mmoja, wakubwa, wenye mafuta, hata mgeni mmoja hakuwamo. Alikaa na kikombe chake cha kahawa iliyopoa, akageukia dirishani asikoona kitu, akasema, "Kumbe ulikuwa mwaka mzuri." Kisha akaniambia niandike.

Afya yake ilianza kudhoofika mwezi Agosti 2023, akapungua mwili, na tarehe 9 Oktoba akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, akapewa miezi michache, akatumia siku nyingi za miezi hiyo kugombana na wauguzi akidai chumba kinachotazama bahari ilhali hakuiona. Mwezi Januari aliomba arudishwe nyumbani, akarudishwa. Tulimwuguza mimi na Ingunn kwa zamu, na sitaeleza zamu hizo, wanaojua kuuguza wanajua, wasiojua watajua. Alifariki Jumatatu tarehe 4 Machi 2024, saa nne asubuhi, katika nyumba ya njano, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili na mdogo wake mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya bara kwa subira yao na mgonjwa asiyekuwa na subira, wauguzi wa zamu wa kisiwa waliokuja hata feri iliposimama na wakaletwa na wavuvi, wapishi wenzake wa nyumba ya wazee waliotuletea supu ya samaki kila Alhamisi bila kuulizwa, jirani yetu Sivert kwa mashua yake, Sunniva na wenzake waliosafiri siku nzima, na majirani wote wa Nordskarvøy, wakiwemo waliokuwa na sababu ya kutokuja na wamekuja. Baada ya makaburini kuna kahawa na mkate wa siagi katika ukumbi wa vijana.

Jambo la mwisho ni hili. Juzi Jumanne, tarehe 12, ilikuwa siku ya kushusha wavu, na marehemu alikuwa bado amelala hapa kanisani, tukashauriana, mimi na Ingunn na Sivert, tukaona hatatusamehe kule aliko tusipokwenda. Tulikwenda. Wameanza kupanda, tuliwapata mia mbili na kumi na wanne, na jana asubuhi nilikaa peke yangu kwa hadubini, nikawapitia mmoja mmoja, nikafika kwa mmoja ambaye mguu wake sikuutambua ni wa hapa au wa kusini, nikageukia kwenye stuli yake kumwuliza.

Nimemwandika hivyo hivyo, hajulikani.

Dada Gudveig, umefanya kazi vya kutosha, sasa lala salama, amani iwe nawe huko uliko.